Mana 17, Kadi za Shufwa Tupu: Majibu kwa Wachezaji wa Splinterlands

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote upande wetu wa pwani, Tanga na Bagamoyo, na zinauliza kuhusu mchezo mmoja: Splinterlands, ule mchezo wa kadi wa kidijitali ulioanza mwaka 2018 kwa jina la Steem Monsters. Wengi wenu hamlalamikii kadi mlizo nazo. Mnalalamika kwamba kikosi kinachoshinda siku za kawaida hupigwa vibaya pale pambano linapokuja na kanuni ya kubana, na baadhi yenu mmeandika kana kwamba kanuni hiyo imetungwa kuwaonea nyinyi peke yenu.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe, maelezo mafupi yatosha. Kila pambano huanza kwa kutangaza kiwango cha juu cha mana, makundi ya kadi yanayoruhusiwa, na kanuni itakayotawala. Mana ni uwezo wa kulipia kadi, nayo haina undugu na ile "mana" yetu ya pwani tunayoifupisha kutoka "maana". Unachagua kadi moja ya kuongoza, isiyopigana yenyewe bali inayowaita wengine uwanjani na mara nyingi kuwapa nyongeza fulani. Mimi huiita nahodha, kwa kuwa nahodha naye hashiki kasia. Kisha unachagua wapiganaji wasiozidi 6, unawapanga katika mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma, na unawasilisha. Mpinzani amefanya vivyo hivyo bila kukiona kikosi chako. Baada ya hapo kadi hupigana zenyewe, na wewe huna la kufanya ila kutazama.

SWALI. Shikamoo, mwalimu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, na jioni nikishafunga banda hucheza mapambano mawili matatu kabla ya isha. Nahodha wangu wa siku zote ni Tarsa wa kundi la moto, kwa sababu humwongezea kila mpiganaji wangu uhai 1, na wale wanaopigana ana kwa ana huwaongezea pigo 1. Shida yangu ni pambano la mana 17 lenye kanuni ya kadi za gharama shufwa peke yake. Kikosi changu hutoka chembamba, na kila mara mana moja hubaki bila kazi hata nizipange kadi vipi. Je, nitafute nahodha mwingine? — Fundi, Ngamiani, Tanga.

JIBU. Marahaba, fundi. Hiyo mana moja inayobaki ndiyo barua yako nzima, kwa hiyo tuanze nayo. Tarsa hugharimu mana 4. Ukitoa 4 katika 17 unabaki na 13, na 13 ni witiri. Kadi za gharama shufwa, hata ukizijumlisha namna gani, hazizai jumla ya witiri. Basi utatumia 12 na moja itakufia mkononi, upende usipende, na muda unaoupoteza kuzipanga upya ungekufaa kwa kazi nyingine. Kwa hesabu ya pambano hilo Tarsa hakukugharimu 4, amekugharimu 5. Nahodha wa mana 3, kama vile Malric Inferno wa zamani, ambaye naye ni wa moto na huongeza pigo 1 la ana kwa ana, angekuachia 14, na zote 14 zingetumika. Wanaosali shufwa na witiri baada ya isha hawahitaji kufundishwa jambo hili: rakaa moja ikiongezeka, hesabu inabadilika jina. Nikumbushe pia kwamba kanuni hiyo huangalia gharama za wapiganaji. Gharama ya nahodha haiguswi, ndiyo sababu nahodha wa mana 3 anaweza kuongoza kikosi cha shufwa tupu.

Kwa hiyo usijiulize kama Tarsa ni mzuri, maana uzuri wake unajulikana. Jiulize kama uhai anaouongeza unazidi thamani ya mana 2, yaani tofauti iliyopo kati ya 12 na 14, na hapo jibu litategemea idadi ya watu wako. Ukipanga watatu, tuseme wa gharama 6, 4 na 2, Tarsa anakupa uhai 3 kwa jumla, na kwa uhai 3 mimi nisingetoa mana 2. Ukipanga watano, tuseme 4, 4, 2, 2 na 0, anakupa uhai 5 uliogawanywa kwa watu wadogo ambao pengine kila mmoja atavumilia pigo moja zaidi, na hapo namkabidhi usukani bila kusita. Usiishangae hiyo 0. Ipo kadi iitwayo Furious Chicken, kuku mwenye hasira, ambayo haigharimu mana yoyote na haina kundi, kwa hiyo huingia chini ya nahodha yeyote. Na sifuri ni namba shufwa, ingawa katika miaka yangu ya kufundisha hisabati hakuna mwaka uliopita bila mwanafunzi mmoja wa kulibishia hilo. Kuku huyo ni dhaifu wa kutupwa, lakini anachukua nafasi, na adui aliyepoteza zamu yake kwa kumpiga kuku hajampiga mtu wako wa maana.

Kanuni iliyo ndugu wa hiyo, ile ya gharama witiri peke yake, ina mtego wa aina nyingine, nao umo katika idadi ya wapiganaji. Witiri mbili zikijumlishwa huzaa shufwa, tatu huzaa witiri, nne huzaa shufwa tena, kwa hiyo jumla ya kikosi hufuata idadi ya kadi ulizoweka. Ukiwa na Tarsa na mana 13 mkononi, wapiganaji watano wa gharama 1, 3, 3, 3 na 3 watatimiza 13 barabara, na watatu wa 5, 5 na 3 vilevile; lakini wanne au sita hawawezi kuvuka 12. Ukiwa na nahodha wa mana 3 na 14 mkononi mambo yanageuka, wanne au sita ndio wanaotimia. Kuku haruhusiwi huko. Mimi nina daftari la shule la kurasa 48, lenye jalada lililokwisha kuchakaa, ambalo kila ukurasa una kiwango kimoja cha mana juu yake, na chini yake nimeandika michanganyiko inayotimia kwa nahodha wa 3 na kwa nahodha wa 4. Ilinichukua jioni tatu kuliandika. Tangu hapo sijawahi kufanya hesabu hiyo huku saa ya mchezo ikinihimiza.

SWALI. Mwalimu, habari za Tanga. Nina duka la vitenge Dunda, hapa Bagamoyo, na mchezo huu nilifundishwa na mwanangu wa kwanza, ambaye sasa ananicheka. Kanuni inapokataza wapiganaji wa ana kwa ana, mimi humweka mbele mpiga mishale wangu mwenye uhai mwingi. Anasimama pale kama nguzo ya umeme, hapigi hata mara moja, mpaka anakufa. Mwanangu anasema kosa ni langu; mimi nasema programu ina hitilafu. Nani mkweli? — Mama wa Dunda, Bagamoyo.

JIBU. Salama, dada yangu. Mwanao ndiye mkweli, ingawa kicheko hakikuwa na ulazima. Katika mchezo huu mahali anaposimama mpiganaji huamua kama atapiga au hatapiga. Mpiganaji wa ana kwa ana hupiga akiwa nafasi ya kwanza, isipokuwa awe na uwezo maalumu wa kumfikia adui kutoka nyuma. Mpiga mishale ni kinyume chake: hupiga kutoka nafasi yoyote isipokuwa ya kwanza. Mwenye uchawi hupiga kutoka popote. Ipo kanuni inayowaruhusu wapiga mishale kupiga wakiwa mbele, na pambano moja laweza kubeba kanuni zaidi ya moja, kwa hiyo soma alama zote zilizoonyeshwa kabla hujapanga. Ila kanuni hiyo isipokuwapo, mpiga mishale aliyewekwa mbele amevuliwa upinde.

Sasa fuatana nami katika pambano moja la namna hiyo, kwa sababu kosa la kumweka mbele lina mdogo wake ambaye haonekani mapema. Tuseme umenisikia na umemweka mbele mwenye uchawi, wa pili mpiga mishale wako hodari, wa tatu mwenye uchawi mwingine, wa nne mpiga mishale mdogo. Raundi ya kwanza wote wanne wanapiga na unatabasamu. Raundi ya pili wa mbele anaanguka. Hapo mstari wote unasogea hatua moja, na yule mpiga mishale hodari, uliyemlipia mana nyingi kuliko wote, anajikuta nafasi ya kwanza, bubu, saa ileile unayomhitaji. Ndiyo maana nafasi ya pili nayo ni ya mwenye uchawi, na wapiga mishale wanaanzia ya tatu kwenda nyuma, ili hata wawili wa mbele wakianguka wawe wamekwisha kupiga raundi za kutosha. Kama huna wachawi wawili, nafasi ya kwanza mpe mtu mwenye uhai mwingi asiyepiga kabisa, kwa mfano tabibu au yule anayewavika wenzake deraya. Kwake yeye kukaa mbele hakumnyimi kitu.

Hapo nimeeleza kanuni ilivyokubana wewe. Lakini kanuni hiyohiyo imembana na mpinzani, na sehemu hii ndiyo ambayo wasomaji wengi walioniandikia hawakuigusa kabisa. Katika pambano hilo hakuna atakayekujia ana kwa ana. Kwa hiyo kadi yenye miiba, inayomrudishia maumivu anayempiga kwa mkono, haina wa kumchoma, na kadi inayolipiza kisasi kwa pigo la mkono haina wa kulipiza. Kulipia uwezo huo siku hiyo ni kununua mwavuli wakati wa kaskazi. Kitakachokujia ni mishale na uchawi. Uchawi hupita juu ya deraya kana kwamba haipo na kugonga uhai moja kwa moja, basi usimlipie mtu kwa sababu ya deraya nene kama uhai wake ni mdogo. Pia uchawi haukosei, ilhali mshale hukosea: kila pointi 1 ya kasi unayomzidi mpigaji hukupa nafasi ya asilimia 10 ya kulikwepa pigo lake. Mpiganaji mwepesi mwenye uhai mdogo, ambaye siku nyingine husifiwa kwa kukwepa, hufa upesi mbele ya wachawi wawili. Wapo wapiganaji ambao uwezo wao ni kupunguza nusu ya pigo la uchawi. Kama unaye mmoja, siku ya kanuni hiyo ndiyo siku yake, na mbele ndiyo nafasi yake.

Neno la mwisho kwako ni kuhusu ile kanuni iliyo jirani, inayowapa wapiganaji wote wa ana kwa ana uwezo wa kunyemelea, yaani kumrukia aliye nyuma kabisa badala ya aliye mbele. Wengi huendelea kupanga kama kawaida, mnene mbele na dhaifu nyuma, kisha hushangaa dhaifu akiliwa wa kwanza. Siku hiyo mstari umegeuzwa, na mlango wa nyumba uko uani. Mnene mmoja, na hasa yule mwenye miiba, akae nafasi ya mwisho.

SWALI. Mwalimu, shikamoo. Sisi ni ndugu wawili wa Makorora, Tanga, tunacheza kwa simu moja na kuchangia bando. Tumegombana kuhusu kanuni inayoanza pambano kadi zote zikiwa na sumu. Kaka anasema tujaze nafasi zote sita kwa kadi ndogondogo ili tupige mara nyingi kabla hatujafa. Mdogo anasema tuweke wachache wakubwa. Tumekubaliana kwamba utakalosema wewe ndilo. — Wa Makorora.

JIBU. Marahaba, wanangu, na nashukuru kwa kunipa ukadhi. Sumu hiyo huondoa uhai 2 kwa kila kadi katika kila raundi, iwe kadi kubwa au ndogo, na deraya haiizuii. Waulizeni wazee wenu kuhusu kodi ya kichwa, ambayo maskini na tajiri walitozwa kwa kuhesabiwa vichwa. Sumu ni kodi ya namna hiyo. Kikosi cha watu sita hutozwa uhai 12 kwa raundi, kikosi cha watatu hutozwa 6. Kadi ndogo yenye uhai 3 inamalizwa na kodi ya pili bila adui kuigusa, ilhali kubwa yenye uhai 10 inafika ya tano. Kwa hiyo mdogo ana haki, na simu ianzie kwake leo.

Lakini kaka hakukosea kila kitu. Hoja yake ya kupiga mapema ni sahihi. Alikosea tu chombo cha kuifanyia kazi. Katika pambano la sumu raundi za mwanzo ndizo zenye faida, kwa sababu kila adui amekwisha kudhoofishwa na hahitaji mapigo mengi kuanguka, basi katika hao wachache wakubwa wapendeleeni wenye kasi na pigo zito kuliko wale wa kuvumilia polepole. Wapo pia wachache ambao sumu haiwapati kabisa kwa asili ya uwezo wao. Kadi kama hiyo, hata iwe ya gharama ndogo, haitozwi kodi, na hiyo iwekeni. Kanuni ya tetemeko la ardhi nayo hupiga 2 kwa raundi, ila pigo lake deraya hulipokea kwanza, na yenyewe haiwagusi wenye kuruka. Mkiona tetemeko, hesabuni kwanza mna wenye kuruka wangapi, kisha ndipo mchague nahodha atakayewaita, na si kinyume chake.

Nami nikiri kosa langu mwenyewe, kwa kuwa linahusiana. Ipo kanuni inayofuta matibabu yote uwanjani. Usiku mmoja, umeme umekatika na simu imebakiza chaji ya kuhesabu, niliharakisha nikaweka kikosi changu cha mazoea, kilichojengwa juu ya mtu mnene wa mbele na tabibu wa kumponya aliyesimama nyuma yake. Nilipoona pambano linaendelea raundi baada ya raundi na yule mnene haongezeki uhai hata chembe, ndipo nilipotazama tena alama ya kanuni. Tabibu wangu aligharimu mana 5. Mana 5 hizo zingenunua mpiga mishale wa haja, na mpinzani wangu, ambaye alisoma alichopaswa kusoma, alikuwa naye.

SWALI. Nina Kelya Frendul, nahodha wa maji anayeongeza kasi 1 na deraya 1. Nikimtumia katika kanuni ya kasi kugeuzwa nashindwa vibaya. Kwa nini? — Kijana wa Kaole, Bagamoyo.

JIBU. Kwa sababu katika kanuni hiyo mwenye kasi ndogo ndiye anayeanza kupiga, na Kelya amewaongezea watu wako kitu ambacho siku hiyo ni hasara. Deraya yake bado inafaa, lakini mchukue nahodha wa maji asiyegusa kasi, na uwapange wale wazito uliokuwa unawaacha nyumbani. Kwa njia hiyohiyo, kanuni inayowanyamazisha manahodha wote isikufanye uchague nahodha wa bei kubwa kwa mazoea: nyongeza yake haitafanya kazi, kwa hiyo chukua wa bei ndogo kuliko wote katika kundi unalolitaka, na mana iliyobaki uwape wapiganaji.

Barua nne zilizouliza habari ya kununua na kukodisha kadi na kubadilisha mapato ya mchezo kuwa fedha sitazijibu hapa. Ukurasa huu ni wa kikosi.

SWALI. Mwalimu, mimi ni mzee mwenzako, mcheza bao wa siku nyingi hapa Bagamoyo, na simu nimeipokea uzeeni. Katika bao naziona kete za mwenzangu zote, hata nikifungwa najua nilivyofungwa. Huku sioni kitu mpaka tumekwisha kufungua. Mjukuu wangu anasema kanuni za kubana ni bahati nasibu. Ananiambia pia kwamba pambano la mana nyingi ni la matajiri, na kwamba kanuni ya kadi zisizozidi mana 4 pamoja na mana 40 mezani haina akili. Unasemaje? — Mcheza bao, Bagamoyo.

JIBU. Mzee mwenzangu, mjukuu wako anakumbuka mambo mawili na amesahau kujumlisha. Kanuni hiyo ya kadi ndogo inamkataza mpiganaji yeyote wa zaidi ya mana 4, na inamkataza pia nahodha wa zaidi ya mana 4. Wapiganaji 6 wa mana 4 ni 24, ukimwongeza nahodha ni 28. Kiwango kikiwa 28, 40 au 99, hakuna mtu duniani atakayetumia zaidi ya 28, wewe wala huyo tajiri. Kwa hiyo pambano hilo halina tena habari ya mana. Gharama imeondolewa mezani, na kilichobaki ni kumtafuta mpiganaji bora kwa kila moja ya nafasi sita. Usimweke wa mana 2 kwa ajili ya kubana matumizi, maana hakuna unachokiwekea akiba. Lakini kiwango kikishuka, tuseme 20, kanuni hiyohiyo inakuwa pambano jingine kabisa, kwa sababu hapo kujaza nafasi sita kunakulazimisha kuchanganya wa 4 na wa 2, na hesabu ya yule fundi wa Ngamiani inarudi.

Kuhusu kutoziona kete za mwenzako, uko sahihi nusu. Huoni kikosi chake cha leo, lakini kabla ya kupanga mchezo hukuonyesha vikosi alivyotumia katika mapambano yake ya karibuni, na hapo mcheza bao anapaswa kujisikia nyumbani. Tazama anampenda nahodha yupi, kisha uliza kama kanuni ya leo inamruhusu. Kama makundi yaliyofunguliwa hayana kundi lake, ameondolewa katika mazoea yake na atapanga kwa kubahatisha. Kama kundi lake lipo, lakini kanuni imekataza uchawi naye kila mara hushinda kwa uchawi, unajua atakapokimbilia: mishale au mkono. Mishale na mkono vyote huzuiwa na deraya, na vyote hukwepwa kwa kasi, kwa hiyo vaa deraya na utafute wepesi. Mimi sidai kwamba hili hushinda kila mara. Nadai tu kwamba kadiri kanuni inavyobana, ndivyo idadi ya vikosi ambavyo mwenzako anaweza kuvileta inavyopungua, na kwa hiyo pambano la kubana linasomeka kirahisi kuliko lile lisilo na kanuni yoyote, ambamo anaweza kukuletea chochote. Bahati nasibu, kama ipo, iko kwa wale wasiofungwa na kitu.

Nikuachie kanuni moja ambayo kwa macho ya mcheza bao itakupendeza. Ni ile inayosawazisha uhai: mchezo unamtafuta mpiganaji mwenye uhai mwingi kuliko wote katika pande zote mbili, kisha unawapa wote kiwango hichohicho. Wengi hukimbilia jitu lao kubwa. Fanya kinyume, kwa sababu jitu la mpinzani linafanya kazi kwa watu wako bila wewe kulilipia. Mana zako zipeleke kwenye pigo na kasi, na kwenye deraya pia, kwa kuwa deraya haisawazishwi. Halafu mchukue yule kuku wa mana 0 umweke nafasi ya kwanza kabisa, na mjukuu wako akianza kucheka mwambie atazame namba iliyoandikwa chini ya kuku kwenye upande wa uhai pambano linapofunguliwa, kisha aitazame ya lile jitu lililosimama upande wa pili.